Dalili ya Mvua ni Mawingu? Chimbuko la Unyevu wa Nyanda za Juu na Mafuriko ya Hewani

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hukubalika karibu kila mahali Kiswahili kinakozungumzwa, kwa kuwa inatokana na jambo linaloonekana kwa macho. Hata hivyo, katika kijiji cha Hewani, jirani na Wema katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River, mkulima akiitegemea methali hii peke yake anaweza kupoteza mbegu zake zote. Mto Tana huweza kufurika na kuingia mashambani ilhali mbingu ya Hewani ni nyeupe, jua linawaka na hakuna tone lililoanguka kwa majuma kadhaa. Vivyo hivyo, mawingu mazito yanaweza kutanda juu ya kijiji, mvua ikanyesha kutwa kucha, na mto usipande hata shibiri moja.

Siri ya jambo hili ni kwamba mawingu yanayoamua hali ya mto hayako Hewani. Yako mamia ya kilomita kaskazini-magharibi, juu ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua. Makala hii inakusudia kueleza unyevu unaonyesha katika nyanda hizo za juu unatoka wapi, unafikaje huko, kwa nini hunyesha kwa wingi katika miezi fulani na kuadimika katika mingine, na kwa nini elimu hiyo ni suala la riziki kwa watu wa bonde la chini. Jina la Hewani humkumbusha Mswahili anga. Haikusudiwi hapa kueleza asili ya jina hilo, bali ni kweli kwamba maisha ya kijiji hicho hutegemea yale yanayopita angani kabla hayajapita mtoni.

2.0 Mto na Mlima

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake ni takriban kilomita 1,000. Vyanzo vyake vikuu ni Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina kimo cha mita 5,199, na Nyandarua, ambayo sehemu yake ya juu kabisa inakaribia mita 4,000. Mito ya Sagana, Mathioya, Maragua, Thika, Thiba, Mutonga na Kathita, pamoja na mingine mingi midogo, huteremka kutoka huko na kuungana. Baada ya hapo Tana huingia nchi kame, hupita Garissa na Hola, hufika Garsen, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Kipini.

Tofauti ya mvua katika safari hiyo ni kubwa mno. Miteremko ya Mlima Kenya inayoelekea kusini-mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Garissa hupata chini ya milimita 400, na Garsen chini ya milimita 700. Kwa hiyo, kuanzia nyanda za kati hadi deltani, mto hauongezewi maji ya maana. Bali unapungua kwa kuvukizwa na jua, kunywewa na ardhi na kusambaa katika mabonde. Maji yanayofika Hewani ni ya ugenini.

Wapokomo wa Hewani na vijiji vya jirani wamejenga kilimo chao juu ya ugeni huo. Mto unapofurika, maji huingia katika sehemu za bondeni na kuacha udongo wenye rutuba. Mpunga hupandwa kufuatana na kupanda na kushuka kwa maji. Migomba, miembe na mahindi hustawi kwenye kingo zilizoinuka. Wafugaji wa Orma nao huleta mifugo deltani wakati wa kiangazi, kwa sababu malisho yaliyonyweshwa na mafuriko hubaki mabichi baada ya nyika kukauka. Mafuriko yakija mapema mno, miche huzama, yakichelewa, hukauka, yasipokuja, mkulima na mfugaji hukutana penye maji machache. Mapigano ya deltani ya mwaka 2001 na 2012 yalikuwa na sababu nyingi, lakini ardhi, maji na malisho vilikuwa miongoni mwazo.

3.0 Safari ya Unyevu Kutoka Baharini

Chimbuko kubwa la mvua ya nyanda za juu za mashariki mwa Kenya ni Bahari ya Hindi. Jua hulipasha joto tabaka la juu la maji ya bahari, maji hugeuka mvuke, na pepo huubeba mvuke huo kuelekea barani. Sehemu ya pepo hizo, hasa zinapovuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, huvuka pwani ya Lamu, Kipini na Malindi, hupita juu ya nyika na kuelekea mlimani. Kwa maneno mengine, sehemu ya maji yatakayofurika Hewani hupita kwanza juu ya eneo hilohilo yakiwa mvuke usioonekana. Huenda mlimani kwa njia ya anga, na kurudi kwa njia ya mto.

Swali la msingi ni hili: kwa nini mvuke huo usinyeshe pale pale deltani, badala ya kusafiri mbali hivyo? Jibu ni kwamba mvuke peke yake si mvua. Ili mvuke ugeuke matone, sharti hewa ipoe, na njia kuu ya hewa kupoa ni kupanda juu. Hewa isiyoshiba mvuke hupoteza takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja inayopanda. Ikisha kushiba, mvuke huanza kugeuka matone ya mawingu, na kwa kuwa tendo hilo hutoa joto, upoaji hupungua hadi nyuzi 6 hivi. Delta ya Tana ni tambarare. Hewa hupita juu yake bila kulazimishwa kupanda. Mlima Kenya, kwa upande wake, ni ukuta. Hewa inapougonga haina budi kuinuka, kupoa na kuangusha mzigo wake.

Ikumbukwe pia kwamba mvua haiongezeki moja kwa moja kadiri mtu anavyopanda. Ukanda wenye mvua nyingi zaidi uko katika msitu, kwenye kimo cha kati. Kileleni mvua na theluji hupungua, kwa sababu hewa inayofika huko imekwisha kutua sehemu kubwa ya mzigo wake. Upande wa pili, kuelekea Laikipia, hewa hushuka ikiwa kavu, na ndiyo maana nyanda hizo ni kame zaidi ingawa ziko chini ya mlima uleule.

4.0 Tanga Mbili na Misimu ya Mvua

Mabaharia wa Kiswahili waliugawa mwaka kwa pepo karne nyingi kabla ya vipimo vya kisasa. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi. Kusi huanza mnamo Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya mageuzi, ambavyo huitwa maleleji au tanga mbili, wakati upepo hauna msimamo na chombo huweza kutweka kuelekea pande zote mbili.

Jambo la kuvutia ni kwamba misimu mikuu ya mvua katika nyanda za juu hulingana na vipindi hivyo vya mageuzi zaidi ya inavyolingana na pepo zenyewe. Masika huja kati ya Machi na Mei. Vuli huja kati ya Oktoba na Disemba. Sababu yake ni kwamba ukanda ambapo pepo za kaskazi na za kusi hukutana husafiri kulifuata jua, na hupita juu ya Kenya mara mbili kwa mwaka. Pepo zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Mlima unapoongeza msukumo wake juu ya msukumo huo, mvua hunyesha kwa wingi. Ndiyo maana Hewani huwa na misimu miwili ya mto kujaa: mmoja kuanzia Aprili hadi Juni, na mwingine Novemba na Disemba. Kati ya mvua ya mlimani na kujaa kwa mto deltani kuna siku kadhaa, maana maji yana safari ndefu. Siku hizo chache ndizo akiba ya pekee ya mkulima, endapo atapata habari.

5.0 Kaskazi, Kipupwe na Suala la Theluji

Katika nchi zilizo mbali na ikweta, wataalamu hutafiti kwa makini mvua na theluji ya majira ya baridi juu ya nyanda za milima. Katika uwanda wa Tibet, mathalani, theluji ya majira hayo huletwa kwa sehemu kubwa na pepo za magharibi, ilhali mvua ya kiangazi hutegemea pepo za msimu zitokazo Bahari ya Hindi. Kila msimu una bahari yake. Swali kama hilo linaweza kuulizwa kuhusu Mlima Kenya, ingawa mlima huo uko ikweta na hauna majira ya baridi kwa maana hiyo. Mlimani baridi kali haingojwi mwaka mzima. Huja kila usiku.

Wakati wa kaskazi, yaani Januari na Februari, pepo hutoka upande wa Arabuni na Pembe ya Afrika. Hewa hiyo ni kavu, na haikai juu ya bahari kwa muda wa kutosha kujitwisha mvuke mwingi. Huu ndio wakati mlima huonekana wazi na mito hupungua. Mvua kidogo inayonyesha mchana hutokana kwa kiasi na upepo wa mlimani wenyewe: miteremko hupata joto asubuhi, hewa hupanda pamoja na mvuke uliotolewa na msitu na mashamba, na alasiri mawingu hujikusanya.

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, kina kitendawili chake. Pepo za kusi huwa zimejaa mvuke, lakini nyanda za juu upande wa mashariki hupata mawingu ya chini, baridi na manyunyu tu. Mkondo wa upepo wenye kasi, uliofafanuliwa na John Findlater katika miaka ya 1960, huvuka ikweta karibu na pwani ya Kenya na Somalia, kisha hukata kuelekea Bara Hindi. Unyevu mwingi unaopita mbele ya macho ya watu wa pwani huenda kunyesha huko. Wakati huohuo, upande wa magharibi wa Nyandarua na sehemu za Laikipia huweza kupata mvua ya Julai na Agosti kutokana na hewa itokayo upande wa Ziwa Viktoria na bonde la Kongo.

Theluji nayo inastahili maelezo, kwa sababu wengi huamini kwamba Tana huishi kwa kuyeyuka kwake. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Disemba 1849. Habari ya theluji katika ikweta ilipofika Ulaya, wapo wanajiografia walioikataa. Leo hakuna anayebisha, ila theluji hiyo haina wingi unaodhaniwa. Huanguka mwezi wowote, hasa katika misimu ya mvua, na aghalabu huyeyuka upesi. Barafu ya kudumu imebaki kidogo: kati ya mito ya barafu 18 iliyohesabiwa mwishoni mwa karne ya 19, mingi imetoweka, ukiwamo ule wa Gregory uliokwisha kufikia mwaka 2011. Eneo la barafu yote iliyosalia halifiki kilomita moja ya mraba, ilhali bonde la Tana lina makumi ya maelfu ya kilomita za mraba. Kutoweka kwa barafu ni msiba na ni ushahidi wa kupanda kwa joto duniani, lakini sicho kitakachoukausha mto. Mto huo huishi kwa mvua, ukungu na maji yaliyohifadhiwa ardhini.

6.0 Jinsi Asili ya Maji Inavyotambuliwa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mvuke hauonekani, nani aliyeufuata kutoka baharini hadi mlimani? Wataalamu hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni vipimo vya upepo na unyevu, ambavyo kwa msaada wa kompyuta huwezesha hewa kufuatwa kinyumenyume hadi ilikotoka. Ya pili imo ndani ya maji yenyewe. Si chembe zote za maji zilizo na uzito sawa. Chache zina oksijeni au hidrojeni nzito kuliko ya kawaida. Wakati wa kuvukizwa, chembe nyepesi hutangulia kupanda. Wakati wa kunyesha, zile nzito hutangulia kuanguka. Kwa hiyo, kadiri wingu linavyosafiri na kupanda mlima huku likinyesha, mvua yake huendelea kuwa nyepesi. Maji ya kisima au ya mto yakipimwa maabarani, uwiano wa chembe hizo huweza kuonyesha kama yalinyesha juu mlimani au chini nyikani.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kwa ushirikiano na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, limekusanya vipimo vya namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Entebbe na Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vya Afrika Mashariki. Njia hii pia huwezesha kutambua unyevu uliorejeshwa angani na miti na udongo, na hivyo kuthibitisha kwamba msitu hupokea mvua na pia hushiriki katika kuitengeneza.

7.0 Miaka Isiyo ya Kawaida

Kama bahari ndiyo chimbuko, basi mabadiliko ya bahari ni mabadiliko ya mto. Katika miaka ya kawaida, maji yenye joto jingi zaidi hukusanyika upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, karibu na Indonesia. Katika baadhi ya miaka hali hugeuka: upande wa Sumatra hupoa, upande wa Afrika Mashariki hupata joto, na pepo za mashariki husukuma mvuke mwingi kuelekea barani. Hali hii, iliyofafanuliwa rasmi na wataalamu mwaka 1999, huathiri hasa mvua za vuli.

Magazeti na redio huzoea kuyaita mafuriko yote El Niño, jina la kupata joto kwa bahari ya Pasifiki. Mwaka 1997 mambo hayo mawili yalikutana, na mafuriko ya 1997 na 1998 yalibomoa tuta na mifereji ya mradi wa mpunga wa delta uliosimamiwa na TARDA, mradi unaopakana na vijiji vya Hewani na Wema. Lakini mwaka 1961, Ziwa Viktoria lilipoanza kupanda kwa zaidi ya mita moja na Tana kufurika, hapakuwa na El Niño kubwa. Wala haikuwapo mwaka 2019, mvua za vuli zilipovuka mipaka. Mwaka 2023 yote mawili yalirudi pamoja, na mafuriko ya Novemba yakafuatiwa na mengine ya Aprili na Mei 2024. Upande wa pili wa sarafu ni ukame: kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini mwa Kenya.

8.0 Kati ya Mlima na Shamba

Unyevu ukisha kunyesha, safari yake haijaisha. Msitu wa mlimani hukamata ukungu kwa majani na mashina, huyapunguzia matone kasi, na kuyapa maji nafasi ya kuzama ardhini. Maji yaliyozama hutoka kidogo kidogo katika chemchemi wakati wa kaskazi. Msitu ukifyekwa, mvua ileile hushuka kwa siku chache ikiwa tope, kisha mto hukauka.

Baada ya msitu kuna mabwawa. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga peke yake huweza kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Kadhalika, Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Thika, kwenye bwawa la Ndakaini. Mabwawa huleta umeme na maji, lakini pia huzuia mbolea asilia ya tope na kupunguza kujaa kwa mto katika miezi ambayo mashamba ya Hewani huyahitaji maji. Mutonga na Kathita, inayoungana na Tana chini ya Kiambere, bado huupa mto sehemu ya pumzi yake ya zamani. Mto unapopungua mno, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mashamba ya delta ya chini. Bahari iliyotoa mvuke hurudi kudai ardhi.

9.0 Lugha na Tahadhari

Suala hili linawahusu pia wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kwa kufuata kaunti. Utabiri wa Tana River ukisema kwamba mvua itakuwa chini ya wastani, mkulima wa Hewani anaweza kudhani kuwa mto hautajaa, ilhali mafuriko yake yamo katika utabiri wa Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Tharaka Nithi na Meru. Anachohitaji ni taarifa ya bonde zima, pamoja na habari za mapema kuhusu mabwawa yanayofurika, kwa lugha anayoielewa.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hiyo. Lugha inayotofautisha kusi, kaskazi, matlai na maleleji haiwezi kusemwa kuwa ni maskini katika elimu ya anga. Palipo na upungufu, kama katika kutofautisha theluji na barafu, maneno mawili ambayo wasemaji wengi huyachanganya, kazi ni kuyafafanua na kuyafundisha. Neno «wastani» nalo, likitumiwa redioni bila kuelezwa ni wastani wa wapi na wa miaka mingapi, halimsaidii mwenye mbegu mkononi.

10.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba mvua ya nyanda za juu huchimbuka hasa kutoka Bahari ya Hindi, huinuliwa na mlima na kwa kukutana kwa pepo katika tanga mbili, huongezewa na msitu, na hubadilika pamoja na joto la bahari. Imeelezwa pia kwamba kaskazi na kipupwe huwa na mvua chache kwa sababu tofauti, na kwamba barafu ya kileleni haiulishi mto kama inavyodhaniwa. Methali ya wahenga haijabatilika. Dalili ya mvua ni mawingu, bali mkulima wa Hewani anastahili kuambiwa mapema habari za mawingu asiyoweza kuyaona. Maji hufuata mkondo. Ni wajibu wa wenye elimu kuhakikisha kwamba habari zake zinayatangulia.